Siki ya Ndizi na Kikohozi cha Mkwe

Mpaka leo nikimsikia mtu anasifia dawa kwa sababu eti inawasha pua, hasira zinanipanda. Kitu kikikutoa machozi ndiyo kina nguvu, nani alitufundisha ujinga huu? Mume wangu aliamini hivyo, na wala hakuwa mjinga. Alikuwa karani wa ghala la kahawa kwenye chama cha ushirika, mtu wa kalamu sikioni na mwandiko mzuri. Na huyo mwenye mwandiko mzuri nusura amuue baba yake mzazi kwa chupa ya biashara yake mwenyewe, na mimi nilisimama nje nikisikia.

Tulikuwa tunakaa Bagamoyo, hii Bagamoyo yetu ya Tukuyu isiyojua bahari. Nyumba ya matofali ya kuchoma, sebule na vyumba vitatu, jiko nje, na nyuma migomba iliyobanana mpaka majani yanafuta ukuta. Mvua za huku anazijua aliyekaa nazo. Walimu walioletwa kutoka Singida na Shinyanga walikuwa wanakuja kwangu kushtaki kwamba viatu vyao vimeota manyoya chini ya kitanda, kana kwamba ni mimi niliyevipanda. Kila kitu kiliota: mikanda, Biblia, suti ya harusi ya mume wangu. Lakini ukungu wa viatu unaufuta kwa kitambaa, unavaa, unaondoka. Wa chumba chetu cha nyuma ulikuwa wa namna nyingine. Ulianza na vidoadoa vyeusi pembeni, ukapanda hadi kwenye dari, na ukifungua mlango unakutana na harufu ya gunia la viazi vilivyooza.

Chumba hicho ndicho mume wangu alichompa baba yake alale.

Mzee aliletwa kutoka kijijini Masoko, yeye na mama mkwe, kwa sababu kifua kilikuwa kimemshika na hospitali iko mjini. Daktari alimpima, akampa vidonge, akasema jambo moja ambalo nililishika: mzee huyu asilale penye unyevunyevu, pumzi yake haitastahimili. Mimi nikasema basi, ahamie chumba cha mbele, kinapata jua la asubuhi na hakina hata doa. Mume wangu akaniangalia kama nimemtukana. Chumba cha mbele kilikuwa stoo.

Stoo ya nini? Ushirika ulikuwa umeshakufa kifo cha polepole. Wanunuzi binafsi waliruhusiwa, wakaingia na malori yao hadi mashambani, ghala likabaki na panya, na makarani wakapunguzwa kazi. Mume wangu akachukua kiinua mgongo chake akafungua duka. Alikuwa anakwenda Tunduma na kurudi na sabuni za kunukia, mafuta ya nywele, biskuti, betri, kandambili, na dawa za kusafishia za kila rangi, chupa zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Duka lilitulisha, sikatai. Lakini katoni zake zilikaa kwenye chumba kikavu na baba yake akakaa kwenye ukungu. Nilipomuuliza alinijibu taratibu, kama anayemfundisha mtoto, kwamba biskuti zikipata unyevu hakuna atakayezinunua. Nilikuwa nanyamaza sana siku zile.

Basi nikarudi kwenye dawa yangu ya zamani. Miaka ile ya shida, rafu za maduka zikiwa tupu na kipande cha sabuni unakipata kwa foleni, mama yangu kule Lupepo alinifundisha kutengeneza siki ya ndizi. Unachukua ndizi mbivu zilizopitiliza, zile ambazo hata mbuzi anazinusa na kuziacha, unazikatakata na maganda yake ndani ya ndoo, unamimina maji yaliyochemshwa yakapoa, unafunika kwa kipande cha kanga ili nzi wasiingie na hewa ipite. Halafu unaacha. Kwanza inachacha kama pombe, na nyumba nzima inajua. Baada ya majuma kadhaa ule ulevi unageuka kuwa ukali, ukionja ulimi unajikunja. Hapo unachuja. Mimi niliongeza mambo yangu: nilichemsha maganda ya limau na majani ya mkaratusi, nikachanganya vikombe viwili vya siki na kimoja cha maji hayo. Jirani yangu mwenye saluni alinipa chupa tupu ya dawa ya nywele ya kalikiti, ile yenye kichwa cha kubonyeza. Nikawa napulizia ukuta mpaka unaloa, naacha saa nzima, nasugua kwa gunzi la mahindi, nafuta kwa kitambaa kikavu, naacha dirisha wazi. Siyo muujiza. Ukungu unarudi, na wewe unarudi. Lakini majuma mawili ya kwanza mzee alilala bila kuamka amekabwa, mama mkwe aliniambia mwenyewe.

Mume wangu aliiona chupa ile akacheka. "Enzi za kuungaunga zimekwisha," aliniambia. "Duka limejaa, wewe unahangaika na maganda." Nilijua kilichokuwa kinamuuma: mke wa mwenye duka, nyumba inanuka ndizi zilizochacha, wateja watasemaje. Alikuwa radhi nyumba inuke ukungu, maana huo kila mtu anao.

Sasa kuna jambo ambalo mtu wa kuja lazima nimweleze vizuri. Kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe usoni. Haingii alimo, hali naye, hamgusi. Wenyewe tunaita ukutila, na ndiyo heshima yenyewe. Nililelewa nayo, sikuwa na neno. Wengine walishalegeza, hasa waliosoma na watu wa kanisani, ila ukoo wa mume wangu haukulegeza. Kwa hiyo katika nyumba ile ndogo tulikuwa na utaratibu. Mzee akitaka kwenda chooni anakohoa mara mbili kwa sauti akiwa bado chumbani. Mimi popote nilipo naacha ninachofanya, nazunguka nyuma ya jiko, nasimama kwenye migomba nikiwa nimeipa nyumba mgongo. Nikisikia mlango wa choo umefungwa narudi. Akitoka, vivyo hivyo. Tuliishi hivyo miezi mitatu bila kuonana hata mara moja. Nilimjua mkwe wangu kwa kikohozi chake.

Na chumba nilikisafisha siku za jua tu. Mama mkwe anamtoa mzee kwenda kuota jua mbele ya nyumba, mimi naingia kwa mlango wa nyuma na chupa yangu na gunzi langu. Nikimaliza napiga kelele kidogo na ndoo, mama mkwe anajua.

Halafu likaja juma la mvua isiyokatika. Mzee hakutoka nje, na kwa kuwa hakutoka, mimi sikuingia. Mama mkwe alijaribu kupulizia yeye, lakini macho yake yalikuwa yameanza kuzima, akalowesha blanketi na ukuta akauacha. "Umekuwa mweusi tena, mwanangu," alinong'ona jikoni, kama vile kosa ni lake. Kesho yake ilibidi aende Masoko kutwa moja kuangalia mji wake. Nikaona hakuna njia nyingine. Asubuhi mume wangu hajaenda dukani nikampa chupa mkononi. Nikamwambia, pulizia wewe, baba yako yumo ndani, mimi siwezi. Na dirisha uliache wazi hata kama kuna baridi, nikamwambia na hilo.

Alichokifanya nilikuja kukijua baadaye. Alipita kwanza stoo, akachukua dawa ya kutakatisha nguo nyeupe, mojawapo ya zile chupa zake za Tunduma. Mgongoni iliandikwa kwa Kiingereza kwamba isichanganywe na kitu chochote chenye uchachu, na mume wangu Kiingereza alikuwa anakisoma vizuri tu, alikisoma kwenye ghala miaka kumi. Akaimimina kwenye beseni, akaimwagia siki yangu juu yake, eti zisaidiane. Vitu hivyo viwili vikikutana vinatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Yeye ilipomwasha pua akafurahi. Akapaka ukuta kwa tambara harakaharaka, akaacha beseni chini ya kitanda ili liendelee kufukiza, akafunga dirisha kwa sababu ya baridi, akafunga na mlango. Mzee alikuwa amelala kajifunika gubigubi.

Akapita jikoni kwangu anapangusa machozi, anacheka. "Nimeyaongezea nguvu yale maji yako," akasema. "Leo ukungu utahama wenyewe." Akafungua mwavuli akaenda zake dukani. Mimi nilikuwa namenya ndizi. Sikumuuliza ameyaongezea nguvu kwa kitu gani. Nilikuwa nimekasirika kwa kile kicheko, nikaona nikiuliza nitasikia tena habari ya duka lililojaa. Hilo nalo sijajisamehe.

Sikuwa nimemenya hata ndizi tano kikohozi kikaja. Mara mbili. Nikaweka kisu chini, nikafuta mikono, nikazunguka nyuma ya jiko, nikasimama kwenye migomba. Kama kawaida. Kikaja tena. Nikafikiri mzee ana haraka leo, labda bado ananiona kupitia ufa wa mlango. Nikasogea ndani zaidi ya migomba. Kikaja tena, kikali, kinafuatana. Nikasogea tena. Jambo hili ndilo linalonikosesha raha mpaka leo, na nalisema kama lilivyo: mtu anakohoa roho inamtoka, na kila anapokohoa mimi naenda mbali zaidi. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kwa adabu zote, mvua inanidondokea shingoni, nasubiri mlango wa choo.

Mlango wa choo haukulia. Kikohozi kikakatika. Nikasikia kikombe cha bati kinaanguka sakafuni, kinaviringika, na hakuna aliyekiokota.

Nikakimbia. Mlangoni nikasita. Nasema kweli, nilisita, mkono uko kwenye komeo, mtu mzima mimi nawaza ukoo utasemaje. Ndipo nikafungua, na ile hewa ikanishika koo. Mzee alikuwa sakafuni, hatua mbili tu kutoka mlangoni, anavuta pumzi ambayo haiingii. Aliponiona, yule mzee ambaye hakuwa na nguvu hata ya kuita jina la Mungu, alinyoosha mkono akavuta blanketi akajifunika uso, ili mimi nisipate aibu.

Nilimshika makwapani nikamburuta hadi barazani. Blanketi nililiinua pembe moja apate hewa, macho yangu nimeyageuza pembeni. Nikarudi ndani nimebana pumzi, nikafungua dirisha, nikatupa lile beseni kwenye mvua. Kisha nikamwita jirani wa saluni, akaja mbio na mteja wake nusu kichwa kimesukwa nusu bado. Tukasimamisha pikapu ya muuza mbao, tukampeleka hospitali. Njiani jirani ndiye aliyempakata. Mimi nilikaa nyuma kabisa juu ya mbao, nimejifunika kanga kichwani, nina hasira wala sijui nimkasirikie nani kwanza.

Mzee alilazwa siku tisa. Alipona, ingawa sauti yake haikurudi sawasawa. Siku hizo tisa nilihamisha katoni zote za stoo kwa mikono yangu, moja moja, nikazipanga kwenye chumba cha nyuma, biskuti zikiwa karibu na ukuta. Chumba cha mbele nikakisugua, nikatandika kitanda cha mzee mkabala na dirisha. Mume wangu alirudi, akaziona katoni, akauona uso wangu, akaenda kuoga.

Mzee alipotoka hospitali, ndipo ukoo ulipokuja. Wazee wanne kutoka Masoko wakakaa sebuleni, wakapewa chai, wakaanza kikao. Kikao kilikuwa juu yangu. Kwamba niliingia alimo mkwe. Kwamba nilimgusa. Mmoja wao akasema ningemwita mwanamume. Mwanamume yupi? Wa nyumba ile alikuwa dukani anauza betri. Na sasa kwenye kikao alikuwa amekaa katikati yao, nilijua alipokaa maana kiti chake kina mguu unaolia, na hakusema kitu. Wakaongea wakakubaliana: nitoe mbuzi, niombe radhi, mambo yaishe. Hakuna aliyeuliza nani alifunga dirisha. Hakuna aliyeuliza beseni lilikuwa na nini.

Mimi nilikuwa koridoni, nyuma ya pazia, na sinia la vikombe. Hasira nilizokuwa nazimeza tangu siku ya biskuti zikapanda zote kwa mpigo. Sikuingia sebuleni, adabu yangu niliishika. Nilimwambia mama mkwe aliyesimama karibu yangu, kama inavyotakiwa, ila kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Mama, naomba unisaidie kuwauliza. Mzee alipokuwa anakohoa, mimi nilikuwa nimesimama kwenye migomba nampa heshima. Nilimpa heshima mpaka akaanguka chini. Nilitakiwa niendelee kumpa mpaka lini? Na umuulize mwanao aliyefunga dirisha, yeye mbuzi wake ni wa rangi gani?"

Hata kile kiti hakikulia. Mama mkwe alikuwa anatazama sakafu. Nikadhani nimejiharibia, nikawa tayari kufungasha nguo zangu nirudi Lupepo, na kwa hasira nilizokuwa nazo ningekwenda kwa miguu.

Ndipo mzee akasema kutoka chumba cha mbele. Alisema Kinyakyusa, polepole, sauti inakwaruza, na alikuwa anamsemesha mkewe, maana mimi hanisemeshi.

"Mbuzi asichukuliwe. Mwambie mke wa mwanangu, kuanzia leo nikitaka kupita nitagonga fimbo. Nikikohoa, aje."

Wazee waliondoka chai haijapoa. Mume wangu hakuniomba radhi, si siku ile wala baadaye. Alichofanya ni kuniletea kutoka dukani chupa mpya ya kupulizia, akaiweka juu ya meza ya jikoni, akatoka. Nilikaa naitazama nimekasirika, nikataka kuitupa huko kwenye migomba. Mwishowe niliijaza siki, maana ukuta haungoji mtu amalize hasira zake. Nikaandika juu yake kwa kalamu ya mume wangu: usichanganye na kitu.

Mzee alikaa na sisi miaka miwili zaidi. Alikuwa anagonga fimbo sakafuni mara mbili, mimi naacha kisu, nazunguka nyuma ya jiko, nasimama kwenye migomba. Heshima yake niliitunza yote, hakuna wa Masoko anayeweza kusema vingine. Ila nikiwa kule kwenye migomba sikuwa tena nasubiri mlango wa choo tu. Nilikuwa nasikiliza kifua.

Siku alipokohoa nilikuwa nasonga ugali. Niliacha mwiko ndani ya sufuria nikaingia bila kusita. Nilimkuta ameshajifunika uso, ananingoja.